Kukata Meno Tiyo ya Plastiki

Ninyi mafundi wa umeme mliobaki na ngazi na pinsi za kukatia nyaya, siku niliyowaaga mliniomba niseme maneno machache. Nilishindwa, kwa sababu kulikuwa na wali na kuku na kila mtu alikuwa anaangalia sahani. Basi ninaandika sasa, nikiwa nimekaa, na hakuna wa kuniharakisha. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, maana katika kazi yetu kupanda cheo ni kupewa ngazi ndefu zaidi. Nitaeleza nilivyoanza na nani alinifundisha. Halafu nitajibu lile swali ambalo kila fundi mpya wa Kasongo huniuliza kama vile ni yeye wa kwanza kulifikiria: tiyo ya plastiki, lile bomba la kupitishia nyaya za umeme, inaweza kukatwa meno palepale kazini kama tiyo ya chuma? Jibu ninalo, lakini nilipaswa kufika Kabambare kulipata.

Niliingia kazini kwa sababu ya pazia.

Baba yangu, Mzee Saleh, alikuwa mshonaji sokoni Kasongo. Vyerehani vyake vilipoharibika nilivitengeneza miye. Kaka zangu walikuwa na mikono mizito, na miye nilikuwa na uvumilivu wa kutafuta vise, ile skrubu ndogo, iliyoanguka chini ya meza. Siku moja akaja kibandani kwetu Papa Musafiri, fundi wa umeme. Mji mzima ulimjua kwa kofia yake ya sufu, aliyoivaa hata jua linapochoma. Alikuwa Mkristo, Mubangubangu wa upande wa Kabambare, na kazi yake alifunzwa na mapadri akiwa kijana. Wakati ule alikuwa anatia umeme katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, na kazi ilikuwa imekwama kwenye chumba cha Bibi Mariamu, mama wa mwenye nyumba. Bibi alikuwa amesema kwamba mwanaume asiye wa ukoo hapiti pazia lake, hata akiwa amelibeba jua lenyewe kichwani.

"Mzee Saleh," Papa Musafiri akasema, "natafuta mwanamuke asiyeogopa ngazi. Nimesikia huyu binti yako, Mwamini, anafungua mashine na kuifunga, na hakuna vise inabakia."

"Juzi ilibakia moja," baba akajibu.

"Moja haiko mbaya."

Kesho yake nikawa juu ya ngazi ndani ya chumba cha Bibi Mariamu, na Papa Musafiri amesimama nje ya pazia akinielekeza bila kuniona. Bibi alikaa kitandani na tasbihi yake, akisikiliza kila neno.

"Mwamini," sauti ikatoka nje, "unaona nyaya ngapi?"

"Tatu, Papa."

"Rangi gani?"

Kabla sijajibu, Bibi akasema, "Nyekundu, ya buluu, na ile ingine iko kama nyoka wa shamba, kijani na njano. Mwache huyu mutoto apumue."

"Aksanti, Bibi. Mwamini, mbele ya kugusa, uliza waya kama moto umekufa."

Alimaanisha nichukue ile taa ndogo ya kupimia kama umeme bado upo. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuniambia amezima.

"Mutu akikuambia amezima, mushukuru, kiisha upime. Hata kama mutu yule ni miye."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo sina lingine lililo bora kuliko hilo. Nilipima. Moto ulikuwa umekufa kweli. Nilifunga swichi ikiwa imepinda kidogo, na Bibi Mariamu akaniamuru niishushe na kuifunga upya. Alikuwa na jicho kali kuliko Papa Musafiri. Mchana, taa ilipowaka, aliitazama kwa muda, akasema chumba chake kilikuwa kichafu kuliko alivyodhani, na akaita wajukuu waje kufagia.

Papa Musafiri akaniambia nirudi kesho. Kulikuwa na nyumba nyingi Kasongo na mapazia mengi. Mama yangu aliogopa kwamba hakuna mwanaume atakayeoa mwanamke wa kupanda ngazi. Baba alisema sindano pia inachoma na bado watu wanashona. Nikarudi.

Miaka ile tiyo zote zilikuwa za chuma. Ninyi hamkuzibeba, kwa hiyo migongo yenu iko wima. Kila ncha ya tiyo ilipaswa kukatwa meno, yaani ile mistari inayozunguka kama ya vise, ili isokotwe ndani ya bwate, kile kisanduku cha chuma ambamo nyaya hukutana. Kukata meno kulitaka filiere: kichwa kizito cha chuma chenye visu ndani na mikono miwili mirefu ya kuzungushia. Unabana tiyo, unaivisha filiere, unasukuma nusu mzunguko mbele, unarudi robo nyuma ili maganda ya chuma yakatike, unatia mafuta, unasukuma tena. Mafuta ya kazi hiyo hayakufika Kasongo, basi tulitumia mawese. Karakana yetu ilinukia kama jikoni, na wapita njia waliuliza tunapika nini. Papa Musafiri alikuwa anawajibu, "Tiyo. Bado ngumu."

Aliipenda filiere ile. Aliifuta kwa kitambaa kila jioni kabla ya kujifuta jasho lake mwenyewe. Akikata meno alifunga macho na kusikiliza. Alisema chuma kina sauti yake kikikatwa vizuri, na kina sauti nyingine kikionewa. Nilidhani ni maneno ya wazee, mpaka siku moja na miye nikaisikia, nikasimama kabla tiyo haijapasuka. Hakunisifu. Alinisogezea mawese.

Kisha plastiki ikaja.

Ilikuja juu ya baiskeli, tiyo nyepesi za kijivu zilizofungwa pamoja, zikitikisika nyuma ya msukumaji kama mkia wa jogoo. Papa Musafiri alichukua moja mkononi, akaipima uzito, akainusa.

"Hii wameipika," akasema.

Mwenye duka alimwonyesha jinsi ya kuitumia. Unaipaka gundi, unaichomeka kwenye kichwa, kile kipande kifupi cha plastiki kilichotoka kiwandani kikiwa tayari na meno, kisha unasokota kichwa ndani ya bwate. Hakuna kutoka jasho. Papa Musafiri alisikiliza kwa adabu, akanunua tiyo moja, akaipeleka karakanani na kuivisha filiere. Ikakatika kama sabuni. Meno yalitoka mazuri, bila kelele, bila mawese. Alinionyesha kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani mahali asipomtarajia.

"Unaona? Filiere haijakufa."

Meno yalikuwa mazuri kweli. Lakini kwa kuwa gundi na vichwa vilipatikana dukani, hatukuhitaji kuyajaribu ukutani, na swali likalala.

Liliamkia Kabambare.

Kulikuwa na maternite mpya imejengwa kule, nyumba ndefu ya matofali yenye vyumba vya kuzalia, na nje kibanda cha jenereta. Sisi wawili tuliitwa kutia umeme. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuolewa, maana Amuri, muuza vipuri vya baiskeli, hakuogopa ngazi. Nilikuwa pia nimezaa, na kwa hiyo niliijua kazi ya nyumba ile kuliko Papa Musafiri. Kwake yeye safari ile ilikuwa na jambo lingine. Kabambare ilikuwa kwao. Alitoka akiwa kijana na kifurushi cha nguo, na sasa anarudi na ufundi. Njia nzima, tukiwa juu ya pikipiki, tukishuka kila penye tope, alinitajia majina ya watu ambao wangekuja kumwona akifanya kazi. Filiere aliifunga mgongoni kama mtoto. Nilimuuliza kwa nini aibebe, na tiyo zote ni plastiki zilizotumwa kutoka Bukavu pamoja na vifaa vyake vya kuungia. Akasema mtu harudi kwao mikono mitupu.

Walikuja kweli. Dada zake watatu walifika na viti vyao, wakakaa chini ya paa la baraza kama watu waliokuja harusini. Mkubwa wao, Mama Kalunga, alikuwa na maswali.

"Huyu mwanamuke njo anakushikia ngazi?"

"Huyu njo anapanda," Papa Musafiri akamwambia. "Ngazi nashika miye."

Mkunga mkuu wa maternite alikuwa Mama Honorine, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alitutembeza vyumbani. Katika chumba cha kuzalia nilimuuliza wanafanyaje usiku. Akatoa simu yake mfukoni, akawasha tochi, akaibana kwa meno ya mbele, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake kama anayempokea mtoto. Kisha akaitoa mdomoni.

"Namna hii. Na mama akiniuliza kitu, siwezi kumujibu." Akairudisha simu mfukoni. "Mutamaliza mbele ya mvua kubwa?"

Tukasema ndiyo. Tukafungua mizigo. Tiyo zilikuwepo, gundi ilikuwepo, nyaya, swichi, bwate za chuma zenye matundu ya kusokotea. Vichwa havikuwepo. Tuligeuza magunia, tukayakung'uta. Aliyefunga mzigo huko mbali alisahau, na bila vichwa hakuna njia ya kuunganisha plastiki na bwate, kwa sababu gundi ile haishiki chuma. Kurudi Kasongo kuvitafuta kulikuwa ni kubahatisha, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima. Pikipiki zikishakwama, kazi ingebaki nusu hadi kiangazi, na Mama Honorine na simu yake mdomoni.

Papa Musafiri akafungua kifurushi chake, akainua filiere juu ili dada zake waione.

"Nitakata meno," akasema.

Mama Kalunga akapiga kigelegele, ingawa nadhani hakujua ni meno ya nani.

Alifanya kazi nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Alibana tiyo kwenye benchi, akavisha filiere, akazungusha, na meno yakatoka safi. Aliisokota tiyo ndani ya bwate ikaingia kama kidole katika pete. Watu walipita mmoja mmoja kugusa. Miye niliokota kipande cha ncha alichojaribia kwanza, nikakipasua kwa msumeno kutoka juu hadi chini ili nione ndani yake. Tiyo ile ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, na meno yalikuwa yamekula karibu unene wote. Penye mabonde ya meno pamebaki kitu kama ukucha.

Sikusema mbele za watu. Nilingoja akaenda kunawa mikono nyuma ya jengo, nikamfuata.

"Papa, angalia hapa."

Aliangalia. Alielewa haraka, naye hakupenda alichokielewa.

"Mwamini, hapa ni kwetu."

"Najua, Papa. Njo maana nimekufuata huku nyuma."

Alichukua kile kipande, akakipinda kwa vidole gumba viwili mbele ya uso wangu. Hakikuvunjika. Akakipinda upande wa pili. Bado kilishika.

"Unaona? Unaogopa bure."

Nikaanza kujishuku. Pengine nilikuwa naogopa bure kweli. Yeye alikuwa amekata meno tangu sijazaliwa, na miye nilikuwa na kipande cha plastiki na wasiwasi. Lakini nilifikiri juu ya akina mama watakaolala chini ya ukuta ule, na watoto wao ambao umri wao unahesabiwa kwa saa, na tiyo ikivunjika, waya wa umeme ukiwa wazi pembeni ya vichwa vyao.

"Tufunge hii moja tu leo," nikamwambia. "Ile ya nje, kutoka kibanda cha jenereta mpaka ukutani. Iko juani, na jenereta inaitikisa. Ikishika mpaka kesho, nitakata zote pamoja nawe."

Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa. Tuache jua liseme."

Tuliifunga, tukaibana ukutani kwa vibano, tukawasha jenereta bila kupitisha umeme, itikise tu. Mchana kutwa jua liliipiga. Tiyo ilipata joto, ikarefuka, ikajikunja katikati kama mtu aliyeshiba. Meno yalishika. Papa Musafiri alipita mbele yangu akipiga mluzi. Alasiri mvua ikashuka ghafla, ile ya kwanza ya majira, baridi na nzito. Dada zake wakachukua viti vyao wakakimbilia nyumbani. Sisi tukabaki barazani pamoja na Mama Honorine, tukitazama tiyo ikipoa na kunyooka, kisha ikivuta kwenye vibano.

Ikalia tak, kama kijiti kikavu. Ilikuwa imevunjika kwenye jino la kwanza, pale inapoingia kwenye bwate, na ncha yake ikabaki ikining'inia huku maji yanaingia ndani.

Papa Musafiri alivua kofia. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona bila kofia, na nilishangaa kwamba nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Chuma kinabisha," akasema. "Ukikosea, kinakuambia palepale, kinalia, kinakataa. Hii inakubali kila kitu unachoifanyia. Inangoja umalize, uende kwako, kiisha inavunjika."

"Papa, ilivunjika sisi wote tukiwa hapa. Tumepata bahati."

"Bahati ya maji kwenye bwate." Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheka upande mmoja.

Mama Honorine aliuliza kama plastiki na chuma kweli haviwezi kushikana.

"Bila vichwa, hapana," nikamwambia.

"Kwangu vilishikana. Beseni yangu ya plastiki iliegemea sufuria ya moto. Ilinywea, ikaikumbatia. Tulivuta watu wawili. Mpaka leo nachota maji kwa sufuria yenye shati la beseni."

Papa Musafiri akanitazama. Nikamtazama. Mtu akifanya kazi na mwenzake miaka mingi, kuna mambo huwa hayahitaji kusemwa, lakini yeye aliyasema, kwa kuwa alipenda kusema.

"Meno tukate juu ya chuma. Plastiki tuipashe moto, ivae ile chuma."

Yaani vipande vifupi vya tiyo ya chuma, vikatwe meno upande mmoja, visokotwe ndani ya bwate, na upande wa pili uvalishwe plastiki iliyolainishwa kwa moto. Ikipoa, inabana. Ilikuwa kazi aliyoijua yeye na kazi niliyoweza kujifunza miye. Kilichopungua ni chuma, nacho kilikuwa mbele ya macho yetu: nguzo za kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya maternite, zilikuwa tiyo kuukuu za umeme zilizong'olewa katika jengo la zamani, na unene wake ulifaa.

Wanawake wa usafi walikataa. Walisema nguo za watoto wachanga hazianikwi juu ya ahadi za mafundi. Papa Musafiri aliwaomba, akawasifu, akawaambia yeye ni mtoto wa pale. Wakamjibu kwamba mtoto wa pale anajua miti inaota wapi. Basi asubuhi iliyofuata fundi mkubwa wa Kasongo aliingia porini na dada zake kukata nguzo, akazichimbia mwenyewe, akafunga kamba, na mwanamke mmoja akaivuta kupima kabla ya kumruhusu achukue chuma.

Tukaanza. Yeye alikaa kwenye benchi na filiere, na Mama Kalunga akimtilia mawese kutoka chupani kwake. Miye nilikaa mbele ya mbabula, lile jiko la makaa. Haya ndiyo niliyojifunza pale, nanyi myashike. Usiweke plastiki kwenye ulimi wa moto, itaungua na moshi wake utakukohoza wiki nzima. Iweke juu ya makaa yaliyotulia, uizungushe bila kusimama kama unavyochoma hindi. Ikianza kung'aa na kulegea kama muhogo ulioiva, isukume juu ya chuma kwa mkono mmoja thabiti, usiisokote, kisha imwagie maji. Zile za kwanza niliziharibu. Moja ilikunjana ikawa kama sikio, na Papa Musafiri aliitundika juu ya benchi ili watu waione, kwa sababu alikuwa ananidai kicheko tangu tiyo yake ivunjike. Vibano vya ukutani msivikaze sana, tiyo ipate nafasi ya kurefuka na kufupika. Na waya wa ardhi, wa kijani na njano, upite katika kila bwate. Tiyo ya chuma ilikuwa inatusaidia kupeleka hatari ardhini bila kutuambia. Plastiki haikusaidii.

Mvua kubwa ilipofunga njia tulikuwa tunafunga swichi za mwisho. Tulipowasha, Mama Honorine alisimama chini ya taa ya chumba cha kuzalia, mikono yake imenyooka mbele, akiitazama pande zote mbili. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kwenye aproni.

"Sasa itakuwa ya kupigia watu," akasema, akatoka kwenda kumwona mama aliyekuwa anamwita.

Dada za Papa Musafiri walirudi na viti vyao kutazama taa. Mama Kalunga aliuliza yale meno ya plastiki yako wapi, yale aliyoyapigia kigelegele. Nikainamisha kichwa kwenye mfuko wa zana.

"Yalivunjika," Papa Musafiri akasema. "Huyu Mwamini aliona mbele yangu."

"Kumbe yeye njo fundi?"

"Yeye njo fundi. Na miye njo fundi wake."

Mama Kalunga aliwaza kidogo, akatuletea muhogo na samaki, na sehemu kubwa akaniwekea miye.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, mingine pamoja naye na mingine bila yeye. Alistaafu akarudi Kabambare, akalima karanga, na kila mtu aliyetoka kule aliniletea salamu na malalamiko yake juu ya nyani. Alifia kwao, akiwa amezungukwa na dada zake. Ninamkumbuka kwa furaha.

Kuhusu lile swali, nililiona tena Salamabila. Kule watu wa dhahabu wanataka kila kitu kimalizike leo. Tajiri mmoja alikuwa na nyumba yenye tiyo zote za plastiki zimekatwa meno na fundi mwingine, na alituita kwa sababu taa zilikuwa zinazima mvua ikinyesha. Nilikwenda na Fatuma, ambaye wakati ule alikuwa mgeni katika kazi, binti wa maneno machache na mkono mwepesi. Fundi wa mwanzo alikuwepo, naye alikasirika.

"Mama, tiyo hii inakatika meno vizuri sana. Nimeikata miye mwenyewe."

"Najua inakatika," nikamwambia. "Tatizo haliko siku ya kukata."

Nikamwomba apande pamoja nami atazame bwate ya kwanza. Alipanda akiwa na maneno mengi, akaona meno yamevunjika na maji yameingia, akashuka akiuliza gundi iko wapi. Tulifanya kazi watu watatu, na akawa rafiki. Basi jibu ni hili. Tiyo nyembamba ya umeme, ile tunayoitumia huku, msiikate meno kazini. Filiere itaikata, nanyi mtafurahi, na itawaaibisha mkiwa mmekwisha kuondoka. Ziko tiyo nene za plastiki zinazotoka kiwandani na meno yake, hizo ni habari nyingine. Kama mna vichwa na gundi, tumieni. Kama hamna, ngojeni, au tafuteni chuma na makaa, na muwe tayari kuwachimbia watu nguzo mpya.

Sasa niko nyumbani. Swichi ya chumba chetu cha kulala ilikuwa imelegea tangu mwaka jana. Amuri alikuwa anasema kwa sauti ya upole kwamba Kasongo pamekosa mafundi. Wiki iliyopita Fatuma alikuja kunisalimia, akaiona, akafungua mfuko wake. Nilikwenda kuleta ngazi. Akaniambia niiache, nipike chai. Nilipika chai huku nasikiliza. Nilimsikia akienda kuzima, kisha akinyamaza kidogo, na nikajua anapima.

Alipoondoka nilizima umeme, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapima, nikaifungua ile swichi. Nyaya alikuwa amezipanga kwa namna ambayo miye sikuwahi kuzipanga, zimegeuka upande wa chini, na mahali pamebaki nafasi ya kuingiza kidole. Nilitafuta kosa. Nilivaa miwani, nikatafuta tena. Amuri aliuliza kutoka nje kama kuna shida.

"Hakuna," nikamwambia, nikaifunga, nikarudisha umeme, nikawasha, nikazima, nikawasha.